Orodha Mbili za Anwani Moja

Safisha kwanza, ndipo ufungue.

Kanuni hiyo kila mtu ofisini kwetu aliijua, hata mteja aliyeingia siku moja tu kuchapisha barua. Niliiandika kwa mkono wangu, nikaibandika ukutani juu ya kompyuta zetu tano. Chini yake niliongeza adhabu: atakayeivunja ataiandika mara mia moja.

Wapo waliocheka. Hawakucheka mbele yangu.

Nilifundisha miaka thelathini na minane. Katika shule niliyosomea mimi, kengele ikilia, mguu ulioinuliwa ulibaki juu mpaka mkuu wa shule apite. Nilipostaafu na kufungua ofisi ya uchapaji na mtandao, sikuiacha nidhamu nyumbani. Ndiyo maana wananiita Mzee Rula. Walidhani silijui jina hilo.

Sasa sikilizeni lililonifika Alhamisi ile, saa nne na nusu asubuhi.

Kompyuta mbili, chumba kimoja, anwani ya mtandao ile ile herufi kwa herufi. Yangu ilionyesha orodha ya majina arobaini. Ya mpiga chapa wetu ilionyesha majina sitini na mawili.

Na jina la hamsini na moja lilikuwa la mjukuu wangu.

Nikalisoma mara mbili.

Mjukuu huyo nimemlea tangu ana miaka minne. Aliomba nafasi katika chuo cha wapima ardhi. Orodha ya kwanza ya waliochaguliwa ilipotoka niliifungua mwenyewe, kwenye kompyuta yangu. Hakuwamo. Wiki mbili baadaye, Jumanne asubuhi, akaingia ofisini mbio, simu mkononi.

"Babu! Mwenzangu anasema orodha imeongezwa! Anasema nimo!"

"Akili za kuambiwa changanya na za kwako," nikamjibu. "Tutazame."

Nikafungua ukurasa. Majina arobaini, yale yale.

"Babu, pengine ungesafisha kwan—"

"Unanifundisha mashine yangu?"

Mpiga chapa wetu, Mama Vitufe, akakohoa. Vidole vya mama huyu vina mbio, na ulimi wake si wa kuchezewa. Nikamtupia jicho. Akarudi kwenye kazi yake.

Nilimwita mjukuu wangu mwongo mbele ya wateja. Nikamnyang'anya simu ili aache kufukuza upepo, nikamwamuru kesho yake aende kwa shangazi yake, ambaye ni dobi, akajifunze kupiga pasi.

Hakulia. Alisema tu, "Haya, babu."

Ile "haya" ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku mbili sikutulia. Naketi, nasimama. Naufungua ukurasa, naufunga, naufungua tena. Arobaini. Nilikuwa kama mtu anayepeleka ulimi kwenye jino bovu: anajua litauma, na bado anapeleka.

Hadi Alhamisi, nilipopita nyuma ya Mama Vitufe kufuata karatasi, macho yakaangukia kioo cha kompyuta yake.

"Mama, orodha hiyo umeitoa wapi?"

"Mtandaoni, Mwalimu. Kwani kuna duka lake?"

"Mbona yangu si hiyo?"

Akageuza kiti polepole. Akanyoosha kidole ukutani.

"Soma. Mwandiko ni wako."

Ndugu wasomaji, kivinjari kina tabia moja. Ukishafungua ukurasa, huweka nakala yake katika akiba ya muda, ili siku nyingine kisihangaike kuufuata mbali. Usipoifuta akiba ile, kinaweza kukupakulia kiporo, nawe ukala ukidhani ni chakula cha leo. Wafanyakazi wangu walifuta akiba zao kila asubuhi kwa amri yangu. Kompyuta yangu hakuna aliyethubutu kuigusa, na mimi sikuisafisha hata siku moja. Niliona kanuni ni ya walio chini yangu.

Nikarudi kwenye meza yangu. Nikafuta akiba. Nikafungua upya.

Sitini na mawili.

Chini ya orodha paliandikwa: thibitisha nafasi yako kabla ya saa sita mchana, leo. Asiyethibitisha, nafasi yake atapewa mwingine.

Saa tano kasoro robo. Namba ya siri ya kuthibitishia ilikuwa kichwani mwa mjukuu wangu. Simu yake ilikuwa mfukoni mwangu. Ya shangazi yake iliita, ikaita, ikakatika. Kwa dobi mashine zikinguruma hata radi haisikiki.

"Sasa nifanyeje?"

"Miguu unayo, Mwalimu," akasema Mama Vitufe. "Saa sita haina heshima kwa wazee."

Nilikimbia. Mzee wa miaka sabini na mmoja, koti, tai, viatu vya ngozi. Fundi baiskeli niliyemfundisha zamani akapaza sauti kutoka kibandani kwake: "Mwalimu! Si ulitukataza kukimbia?"

Sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Nilifika saa tano na dakika ishirini na tano. Mjukuu wangu alikuwa akinyoosha shati jeupe, mvuke umemzunguka.

"Namba ya siri!" nikahema. "Umo! Thibitisha, mjukuu wangu, thibitisha!"

Akaisimamisha pasi. Akanitazama kwa huruma, nayo huruma ile ilinichoma kuliko dharau.

"Nilithibitisha Jumanne, babu. Ulipokwenda kula mchana. Kwenye mashine ya Mama Vitufe."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukaniita mwongo. Nikaona nisubiri barua ya chuo yenye muhuri. Karatasi huwa hubishani nayo."

Shangazi yake aliinama, akajifanya anatafuta kifungo sakafuni.

Kumbe Mama Vitufe alijua siku zote mbili. Ukurasa ule aliufungua makusudi, akijua nitapita nyuma yake, kisha akaniacha nikimbie mji mzima. Nilitafuta hasira ya kumkasirikia, nikaikosa.

Palikuwa na wateja watatu mlangoni. Nikaona hivyo ndivyo ipasavyo.

"Nilikutukana mbele ya watu," nikamwambia mjukuu wangu, nikimrudishia simu yake. "Nakuomba radhi mbele ya watu. Nimekosa."

"Nimekusamehe, babu." Akafuta jasho. "Lakini kanuni ni kanuni."

Ninyi mliopewa kusimamia wengine, kanuni mliyoiandika ianzie mezani kwenu. Na mtoto akikuletea habari mpya, kabla ya kumwita mwongo, chungulia kwanza kama ulichoshika wewe si kiporo.

Alasiri ile niliketi kwenye kiti cha wateja, kalamu mkononi. Mama Vitufe akaniletea karatasi zisizo na mistari.

"Za mistari zimekwisha, Mwalimu," akasema, na nyuma yake bunda zima likinitazama.

Niliandika hadi kidole kikafa ganzi. Mjukuu wangu akahesabu mistari, mmoja mmoja, kwa kutumia rula yangu.

"Mia moja imetimia. Ila wa sitini na tatu umepinda, babu."

Nikauandika upya.