Nilimwambia baba chuo kinataka laptop nyepesi

Admin, naomba jina langu ubaki nalo wewe. Wanaonijua wakisoma watanijua tu, lakini basi.

Mimi ni binti wa miaka 22, niko mwaka wa pili, nasoma uhasibu na ninakaa hosteli Mabibo. Nyumbani ni Kinondoni na tumebaki wawili, mimi na baba. Mama alifariki nikiwa kidato cha pili. Baba ni mchonga vinyago pale Mwenge, Mmakonde wa Mtwara, maneno machache na ubishi mwingi, huo ubishi nimeurithi.

Nilipokuwa mdogo alikuwa na mchezo wake. Ananifumbisha macho, ananiwekea kinyago kila mkono, halafu nimwambie kipi ni mpingo. Mpingo ni mzito, huwezi kukosea. Wapo wachongaji wanaochukua mti mwepesi, wanaupaka kiwi nyeusi ya viatu na kumuuzia mgeni kwa jina la mpingo. Baba aliwachukia hao kuliko wezi. Yeye na jirani yake wa banda waligombana kwa jambo hilo na mpaka leo hawasalimiani.

Chini ya kitanda chake kulikuwa na gogo la mpingo ndani ya gunia, alitoka nalo kwao. Hakuliuza hata kipindi tulichokula ugali na mlenda mwezi mzima. Alisema atachonga ile kazi ya watu waliobebana, ukoo wetu wote, na mama atakaa chini kabisa kwa sababu ndiye aliyetubeba. Kila mwaka alisema mkono wake bado haujawa tayari.

Mwaka jana nikahitaji laptop. Kazi zetu ni za kuandika na kupiga hesabu, laptop yoyote inatosha, na hilo nilikuwa nalijua vizuri. Lakini wenzangu chumbani walikuwa na zile nyembamba za rangi ya fedha, mtu anaibeba kwa vidole viwili kama sahani. Nikajiona naingia darasani na dude la mtumba, nikaona aibu kabla hata ya kuchekwa. Nikamwambia baba chuo kimeagiza nyepesi, nzito hazikubali programu zetu.

Tukaenda Kariakoo. Muuzaji akatutolea mbili. Moja nene, imeshatumika, bei yake ya kawaida, na akasema ikisumbua fundi yeyote anaifungua na kubadilisha kilichoharibika. Nyingine ndiyo ile niliyoitaka, bei yake hata mimi ilinishtua. Baba akazichukua, moja kila mkono, halafu akafumba macho. Dukani, mbele za watu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Hii nzito ndiyo ina kitu ndani," akasema. "Hiyo nyingine washaikomba."

Muuzaji akacheka. Nikamwambia baba kwa sauti ya chini, na kwa ukali ambao sikuwahi kuutumia kwake, kwamba kwenye laptop mambo ni kinyume, nyepesi ndiyo ya maana. Akafumbua macho akanitazama.

"Chuo ndio wamesema hii nyepesi?"

"Ndiyo, baba."

Wiki ile ile gogo likaenda kwa mchongaji mwenzake. Alilibeba mwenyewe begani, akarudi na gunia tupu amelikunja vizuri kwapani.

Sitadanganya, niliifurahia ile laptop. Nilikuwa naitoa kwenye begi hata pasipo na kazi. Ilidumu miezi mitano, asubuhi moja nikaimwagia chai ya maziwa. Nimezunguka kwa mafundi wanne na wote wamenijibu yale yale, kwamba humo ndani kila kitu kimegandishwa pamoja, hakuna cha kubadilisha. Wa mwisho alinionea huruma, akaniambia ingekuwa ile nene angebadilisha kibodi tu nikaondoka nayo siku hiyo hiyo.

Nilipomweleza baba hakugomba. Alisema nivumilie, atafanya mpango. Sasa naandika kazi zangu kwenye simu na kuazima laptop za wenzangu, wakiamka vizuri wananipa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mwenge bila kumwambia. Nikamkuta nyuma ya banda amekaa kwenye kigoda, kopo la kiwi miguuni, anasugua twiga kwa brashi ya viatu. Pembeni kulikuwa na wengine kama kumi wanakauka. Nikamwamkia, nikaokota mmoja. Alikuwa mwepesi, mwepesi kabisa.

"Usiwashike, mama," akasema bila kuinua uso. "Watakuchafua." Vidole vyangu vilikuwa vimeshakuwa vyeusi.

Akaniambia nisiwe na wasiwasi, akimaliza hawa atanunua nyingine nyepesi kama ile ile, maana chuo kinataka hiyo. Akaja mteja, akamwinua twiga mmoja na kuuliza kama ni mpingo. Jirani yule wa ugomvi alikuwa amesimama pale pale anasikia. Baba akasema ndiyo.

Lile gogo nimeshaliulizia. Lilichongwa tembo zamani, wakauzwa.

Toka siku hiyo silali vizuri. Nikimwambia ukweli, atajua kwamba gogo la mama lilikwenda kwa sababu ya aibu yangu tu, na jina lake pale Mwenge amelichafua kwa uongo wangu. Nikinyamaza, kesho ataamka na kopo lake la kiwi, na siku moja ataniletea laptop nyepesi, na itabidi nimshukuru. Matusi nimeshajitukana mwenyewe, msijisumbue. Naomba mniambie tu, mtu kama mimi anaanzia wapi kuongea na baba kama huyu?