Kamizola ya Sumaili

Harufu ya sabuni ya mche ikikutana na jua la adhuhuri, mimi basi tena. Juzi jirani yetu alianika nguo za wanawe, upepo ukaniletea harufu ile hadi mlangoni nilipokuwa namenya mihogo, nikaweka kisu chini. Wadogo zangu wakaniuliza, "Dada Zainabo, una nini?" Ningewaambia nini? Wao walikuwa wachanga mno siku ile. Ninyi ndio nitakaowaambia.

Kwetu, katika vile vijiji vya Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, jezi ya mpira twaiita kamizola. Na kamizola haikulala nyumbani kwa mchezaji hata mara moja. Watu waliogopa kurogwa, jamani, msicheke. Ilisemekana ekipa, yaani timu, ya kijiji cha pili ikishamjua mfungaji wenu, itatuma mtu aipake dawa kamizola yake, na kesho mfungaji atapiga hewa mbele ya goli watu wote wanaona. Kwa hiyo mechi ikiisha wachezaji walivua palepale uwanjani, wakarudi makwao vifua wazi, na beseni zima likaja kwetu. Mama ndiye aliyeaminiwa kuzifua na kuziweka hadi mechi nyingine, kwa sababu alizaliwa kijiji cha Mute akaolewa kwetu, hakuwa na ndugu wala hasimu katika mpira wa pale. Kila mtu kijijini aliijua desturi hii. Liwekeni akilini hilo.

Kisima chetu kilikuwa na maji ya chumvichumvi, povu halitoki hata ulie. Mama alisugua, mimi nikaanika. Kamba ya makumbi ilifungwa mnazi hadi mnazi, nami nilizipanga kamizola kwa namba, mgongo nje, nikijiona mtu mkubwa serikalini. Nikisema, "Mama, zimekauka," yeye alikuja mwenyewe akashika kila moja kwenye kwapa, maana kwapa ndilo la mwisho kukauka. Ndivyo alivyokuwa. Hakuamini mvua mpaka imlowanishe. Baba, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani Vamizi, alipenda kumtania: "Ukimwuliza mama yenu kama kumekucha, atatoka nje kwanza kutazama." Mama alicheka, lakini hakubadilika.

Namba saba ilikuwa ya Sumaili. Alikuwa winga wa kushoto, mwembamba, na akipata mpira wanawake walisahau vyungu motoni. Nimeona mzee wa watu akivua kofia na kuitupa juu kwa sababu ya goli la Sumaili, kisha akaitafuta mpaka magharibi. Mguu wake wa kushoto uliwahi kuteguka, na tangu hapo mama yake, Bi Ancha, alimfunga kifundoni kitambaa alichokichana kwenye upindo wa kapulana, kanga yake ya maua mekundu. Hakukivua, shambani wala kitandani. Mimi aliniita "Madamu Kamba". Akija kuchukua kamizola yake siku ya mechi aliniamkia kwanza, kwa adabu zote, na mimi nikajibu kwa maringo. Nilimpenda kwa mapenzi yale ya mtoto, ya kutaka kumbebea viatu vyake.

Wale watu wa bunduki na mapanga, waliokuwa wakichoma vijiji, walituingilia mchana. Jana yake kulikuwa na mechi, na mimi nilikuwa nimemaliza kuanika muda si mrefu, kamizola zinachuruzika maji. Tukasikia milio upande wa msikitini, kisha moshi. Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, mwingine akambeba ubavuni, mimi akanishika mkono, tukakimbilia mikokoni. Tulikaa kwenye tope tukisikia kijiji kinalia. Nilipotaka kupiga kelele mama aliniziba mdomo kwa kiganja, na kiganja kile kilinuka sabuni ya mche. Nilivuta harufu ile mpaka milio ilipokwisha.

Tuliishia kambini, nje ya Palma, chini ya malona, maturubai ya plastiki. Huko tukaitwa madeslokado, watu waliohamishwa, kama kwamba tumepanda gari kwa hiari yetu. Watu walianza kutafutana. Huyu kaonekana, yule kafa, yule kavuka Ruvuma. Sumaili hakuonekana popote. Bi Ancha, aliyekuwa pwani akiokota chaza wakati ule na kukimbia kutokea hukohuko, alizunguka lona hadi lona akiuliza. Ndipo Nfaume alipofungua mdomo.

Nfaume alikuwa kocha wa ekipa yetu. Hakuwa mwongo, na wala sitaki mumwone hivyo. Siku ile alimwona mdogo wake akikatwa, naye amejificha nyuma ya ukuta, na kati ya waliomkata mmoja alikuwa amempa mgongo. Mgongoni, katika moshi, namba saba. "Nimeiona kwa macho yangu haya," alisema, akayavuta makope yake kwa vidole tuyaone. "Ile namba nilimpa mimi."

Habari ilienea kambi nzima kabla chakula hakijaiva. Na watu wakianza kukumbuka, hukumbuka! Mmoja alikumbuka viatu vipya alivyorudi navyo kutoka mji wa Pemba, nani kamnunulia? Mwingine akasema siku za mwisho alikuwa haji msikitini, anaswali peke yake. Watu waliotupa kofia juu kwa ajili yake sasa walisema hata kwenye mpira alikuwa na roho mbaya. Palikuwa na upande wa pili pia, vijana wa ekipa, nao walikula viapo: "Sumaili? Haiwezekani, mtu wa magoli yale!" Kana kwamba mguu unaojua mpira hauwezi kumfikisha mtu pabaya. Pande zote mbili zilijua. Zilijua kabisa, na kupigana ngumi zilipigana.

Mama aliitwa mbele ya watu, kwa kuwa ndiye mwenye kamba. Nilisimama nyuma yake, nikijua sasa atamwokoa.

"Tulipokimbia," mama alisema, "kamizola ya Sumaili ilikuwa kambani, imelowa."

Watu wakatulia. Waliijua desturi ile wote, ila hofu na msiba vilikuwa vimewasahaulisha. Wenye macho walianza kutazamana. Kisha Nfaume akasema kwa sauti ya chini, "Basi alipita akaichukua. Alijua iliko kuliko mtu yeyote."

"Huenda," mama akajibu.

"Kwa hiyo ni yeye?"

"Sijui. Sikumwona akiichukua. Na sikumwona mwingine akiichukua."

Huenda! Nilitamani ardhi inimeze. Njiani nilimvuta kapulana: "Sema hakufanya, mama! Sema tu!" Akasimama. "Nikisema hakufanya na sikuona, nina tofauti gani na wao?" Akaendelea kutembea. Nilimchukia mama yangu siku ile, nawaambia ukweli. Nilimwona mwoga, mtu wa kukaa katikati ili asigombane na yeyote.

Bi Ancha alikuwa amekaa mlangoni pa lona lake, na alikuwa ameshasikia. Alimtazama mama kwa jicho ambalo hata mimi lilinichoma. "Umeshindwa kunisaidia neno moja, Atija," alisema. Mama aliingia ndani, akachukua ndoo tupu ya Bi Ancha, akaenda bombani.

Na hilo la bomba ndilo nililolielewa haraka. Wanawake walikuwa wameanza kuisogeza nyuma ndoo ya Bi Ancha kwenye foleni. Hawakumtukana, waliisukuma kwa mguu, taratibu, mpaka maji yakakatika na yeye bado nyuma. Watoto waliimba wimbo wa ekipa yetu na kubadilisha maneno wakipita kwake. Mama akawa anachota za kwetu na zake. Walipomwambia anamsaidia mama wa muuaji, alijibu, "Namsaidia mwanamke mwenye kiu." Wale vijana wa viapo, nao walikuja kwa Bi Ancha siku za mwanzo, wakampa moyo kwa makelele, halafu wakatawanyika kutafuta vibarua na hatukuwaona tena.

Baadaye Bi Ancha alimwendea shehe wa kambini, akaomba mwanawe asomewe dua. Nilikuwepo. Shehe alikuwa mtu mpole, naye alifadhaika kweli. "Mama, tumwombee vipi? Kama mzima au kama maiti? Na kama maiti, alikufa upande upi?" Bi Ancha alirudi kwake. Mkeka wake haukukaliwa na mtu, matanga hayakuwapo, wala hakukuwa na aliyekaa naye kumngoja mwanawe. Mama alikuja kila alasiri na ungo wake wa kunde, akakaa naye, wakabambua. Hawakuongea habari za Sumaili. Nilikuwa nawatazama na kuwaza, hawa wawili wanafanya nini, kimya chote hiki?

Masika yakapita, na mengine, na mengine tena. Mimi nikavunja ungo, nikaanza kufunga kapulana kama mwanamke. Ikafika siku wanaume wakaruhusiwa kwenda kuangalia mashamba. Nfaume alikuwa mmoja wao. Waliporudi, hakwenda kwake. Alikuja moja kwa moja kwenye lona la Bi Ancha, na mkononi kafuko ka plastiki, akasimama pale jua linampiga.

"Sema," Bi Ancha akamwambia.

Walikuwa wakifyeka chini ya minazi, upande wa pili kabisa wa kijiji, mbali na nyumba yetu, wakakuta mifupa ya watu wanne. Mikono yote ilikuwa imefungwa nyuma, kwa waya. Mmoja alikuwa na mabaki ya shati jeupe la nyumbani. Kamizola hakuwa nayo. Nfaume alifungua kafuko, akatoa kitambaa kilichogeuka rangi ya udongo, fundo lake bado limekaza. "Kilikuwa kwenye kifundo cha kushoto," akasema, akamkabidhi.

Bi Ancha hakulia. Alisimama, akafungua kapulana aliyovaa juu ya gauni, ileile, maua yake yamepauka hadi kuwa kama ya chai. Upindo mmoja ulikuwa umechanwa tangu zamani. Alilifungua lile fundo kwa meno, akakinyoosha kitambaa kwenye mkeka na kukisogeza kwenye mchano. Vikakutana.

Jioni hiyohiyo kambi nzima ilikuja. Mchele ulikuja, nazi zilikuja, na wanawake wa bombani walilia kuliko wote. Shehe alisoma dua mpaka sauti ikamkauka. Nfaume alikaa mbali, kichwa kati ya magoti, hakuna aliyemsogelea, na nikaona watu wameshaanza kumtazama kwa jicho lile walilokuwa wakimtazamia Bi Ancha. Mama aliliona pia. Alimpelekea sahani ya wali mwenyewe, akasimama mpaka akala.

Wageni walipopungua, Bi Ancha alimvuta mama mkono. Nilikuwa karibu nao, nasikia.

"Atija, wiki ile ya mwisho tuligombana," alisema. "Alikwenda kujaribiwa timu moja kule Pemba, wakamkataa, amerudi amechukia dunia. Akaniambia, 'Nitaondoka, na mtanisikia.' Mtanisikia! Nimelala na neno hilo miaka yote hii. Waliposema ni muuaji niliumia. Lakini wale waliosema haiwezekani, hao waliniua kabisa, maana mimi mama yake nilikuwa nawaza kwamba yawezekana. Ningemwambia nani? Ni wewe peke yako uliyekuwa hujui. Kwako nilikuwa naweza kukaa."

Mama aliinamisha kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia.

Kisha Bi Ancha akampa kile kitambaa. "Nifulie," akasema. "Kama ulivyokuwa ukimfulia."

Nimekua sasa, na nimekaa na watu wengi wanaojua. Kwenye simu wanajua, kwenye mabaraza wanajua, mtu hajazikwa wameshajua. Kila niwasikiapo nakumbuka wale wanawake wawili na ungo wa kunde, kile kimya nilichokidhania woga. Mama hakuwa amekaa katikati kwa usalama wake. Alikuwa amemsogezea mwenzake mahali pa kukaa, mahali pekee palipobaki kambini ambapo mama wa Sumaili hakulazimika kumzika mwanawe wala kumkana.

Asubuhi ya pili mama alikifua kitambaa kile, polepole, kwa sabuni ya mche. Kilitoa maji mekundu ya udongo, kisha meusi, kisha yakawa meupe. Akakikamua, akanipa nikianike. Alasiri nikamwambia, "Mama, kimekauka," naye akaja mwenyewe kukishika.