Jicho Langu la Kushoto na Wanja wa Manga

Jicho langu la kushoto lilianza kutoa machozi bila kuniomba ruhusa, miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru. Sikuwa na msiba, sikuwa nakata vitunguu, sikuwa nimegombana na mtu. Nimekaa zangu uani, Kariakoo, nachambua mchele, mara shavu limelowa. Nikifuta, linalowa tena. Jicho la pili kavu kabisa. Jambo hilo lilinishangaza kabla halijaniudhi, maana nilikuwa naamini macho hulia pamoja.

Maudhi yalikuja kwa sababu ya kazi yangu. Nilikuwa mpambaji wa maharusi, na kwa hina na piko nilijulikana toka Gerezani mpaka Ilala. Siku moja nimeinamia kiganja cha binti, nachora ua la mwisho, chozi likadondoka katikati ya ua, piko ikachuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono. Mama mtu aliniletea kitambaa nipanguse. Bibi mtu ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya kusikika ukumbini kote: "Huyu anamlilia mtoto kabla hajafika kwa mumewe."

Baada ya hapo walioniahidi kazi wakaanza kuniambia kwamba siku imesogezwa mbele. Siku ikifika nasikia ngoma zinapita mtaani, na mimi niko uani na mchele wangu. Niliogopa. Kupamba maharusi ndicho kitu pekee nilichokifanya vizuri kuliko wenzangu, na bila hicho sikujua ningekuwa nani pale mtaani.

Dawa nilipewa na kila mtu. Huyu maji ya waridi, yule maziwa ya mama anayenyonyesha, mwingine akaapa kuwa nimepigwa jicho la husuda. Mimi niliamini wanja. Mama yangu alinilea nikijua kwamba wanja husafisha jicho na kutoa uchafu, kwa hiyo kadiri maji yalivyotoka ndivyo nilivyozidi kupaka. Nilikuwa naununua kwa Mwarabu wa duka la pembeni, ule mzito wa manga, naupaka ndani ya kope asubuhi, mchana na wakati wa kulala. Maji yakazidi. Nami nikazidisha wanja. Mwishowe pakavimba kando ya pua, na nikipabonyeza unatoka usaha. Hapo mume wangu, ambaye alikuwa mchuuzi wa samaki kule Feri na harufu alizizoea, aliniambia, "Mke wangu, hilo jicho linanuka. Tunaenda hospitali."

Daktari wa macho alikuwa Mzungu mrefu, na muuguzi wetu mmoja ndiye aliyekuwa akitafsiri. Daktari alichomeka kijisindano butu kwenye pembe ya jicho, akasukuma maji. Maji yakarudi palepale yalipoingilia.

"Daktari anasema mfereji umeziba," muuguzi akaniambia.

"Mfereji gani tena?"

Akanipa kioo, akalivuta kope langu la chini taratibu. Pale ukingoni, karibu na pua, palikuwa na kitundu kidogo kuliko kichwa cha pini. Akanieleza kwamba machozi huingia humo, yakashuka mpaka puani, kwa watu wote, kutwa nzima, hata kama hawalii. Njia ikiziba, yanakosa pa kwenda yanamwagika. Nilikitazama kitundu kile kwa muda mrefu. Miaka yote nimejitazama kwenye kioo, uso ndiyo kazi yangu, na sikuwahi kukiona!

"Ndiyo maana mtu akilia anapenga kamasi?" nikauliza.

Muuguzi akatafsiri. Daktari akacheka, akasema ndiyo, ndiyo maana hasa. Nilifurahi mno. Jioni ile nilimvuta kope mume wangu, nikawavuta kope majirani wote wa uani, na kila mmoja alikuwa nacho. Nusura nimvute na yule Mwarabu wa dukani.

Siku ya kupasuliwa hawakunilaza usingizi. Walinichoma sindano za ganzi kando ya pua, wakanisokomezea vitambaa vyenye dawa ndani ya pua, nusu ya uso ikafa. Nilikuwa nimesema nataka kujua kila kitu, basi nikajua zaidi ya nilivyotaka. Kisu sikukisikia. Nilichokisikia ni nyundo na patasi, ngo, ngo, ngo, na sauti yenyewe haikuingilia masikioni, ilitoka ndani ya kichwa changu mwenyewe.

"Dada, anafanya nini huyu?"

"Anatoboa mfupa, mama. Mfereji wa zamani haufunguki tena, anakufungulia njia nyingine ya kwenda puani. Tulia."

Maumivu hayakuwapo, lakini damu ilinishukia kooni na nilitamani kuruka dirishani. Ghafla nyundo ikanyamaza. Daktari alichukua koleo ndogo, akatoa kitu, akakiweka juu ya kitambaa cheupe. Kilikuwa cheusi, ukubwa wa punje ya pilipili manga. Muuguzi akasema daktari anashangaa, hajawahi kukuta kitu kama hicho mle ndani. Nikaomba kisogezwe karibu na jicho langu zima. Daktari akakiminya, kikaacha alama nyeusi inayong'aa, na weusi ule nisingekosa kuutambua hata gizani.

"Mwambie ni wanja," nikasema.

Nilijiona mjinga, na papo hapo nilitamani kukishika. Daktari alisema huenda njia ilianza kuziba yenyewe, lakini wanja ulikuja ukamalizia kazi. Akanikataza kuutia tena machoni maisha yangu yote. Nikakubali upesi, maana mtu aliyelala na patasi usoni hukubali lolote.

Nyuzi zikatolewa, kovu likawa jembamba, shavu likakauka. Nikapata kazi, nyumba moja karibu na Mnazi Mmoja. Niliingia na kapu langu, roho kwatu. Bibi harusi akaniambia, "Shikamoo, mama," nami nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu." Mama yake alikuwa ananitazama usoni.

"Pole, shoga," akasema. "Sikujua kama uko kwenye eda."

Ilinichukua muda kuelewa. Mtu mzima, mke wa mtu, aje harusini macho meupe? Kwetu anayeacha wanja ni mjane aliye kwenye eda, na mjane wa eda hatoki nje, seuze kumgusa bibi harusi.

"Mume wangu yuko Feri sasa hivi anagombania samaki changu!" nikasema.

Wanawake wakacheka. Mama hakucheka. Alitoa kichupa chake cha wanja kifuani, akanipa. "Basi paka. Leo tu. Usimtie binti yangu nuksi."

Nilikishika. Leo tu, nani angejua? Halafu nikamrudishia.

"Sipaki. Lakini nitazame macho, wewe na wote mliomo humu. Likitoka chozi hata moja, nabeba kapu langu naondoka."

Chumba kizima kikanitazama. Nilikuwa na hasira na uchungu, nimeaibishwa mbele za watu kwa mara ya pili, na jicho la kushoto nikalihisi linajaa. Sikupepesa. Likajaa, nikangoja shavu lilowe. Halikulowa. Nikasikia chumvi ikishuka toka puani mpaka nyuma ya koo, nikaimeza taratibu mbele yao wote.

Mama aliendelea kunitazama mpaka akachoka. Bibi harusi akajisogeza kwenye mkeka, akanikunjulia kiganja.

"Anza na hiki, mama," akasema.