Mstari Wangu wa Omuramura

Kiherehere changu ndicho kilichoniponza, wala sina wa kumlaumu. Mimi ni mwalimu kutoka Singida, nimepanga chumba kwa Bibi Koku, hapa Nyakakika. Nyuma ya chumba, chini ya migomba, pana unyevu na jua halifiki. Kila ua nililopanda pale lilioza. Ndipo nikauona omuramura kando ya njia, majani marefu, kijani kinachong'aa masika na kiangazi. Mmea gani mzuri vile! Nikakata vijiti, nikavichomeka mstari mmoja ulionyooka kama rula, toka mlango wangu wa nyuma hadi kwenye mibuni. Vikachipua vyote. Nikaanza kujiita bwana shamba.

Jumapili, natoka kanisani, nikamkuta bibi uani na mwenyekiti wa kitongoji, na majirani wawili.

“Shikamoo bibi! Mmekuja kuiona bustani yangu?”

“Marahaba, mwalimu. Tumeiona, imependeza kweli,” akasema bibi. “Ila huku kwetu omuramura ndio mpaka wa shamba. Sasa mweleze mwenyekiti, mashahidi wakisikia: nusu ya kibanja changu nilikuuzia lini?”