Nthambi Alivyoivua Kebo Koti la Chuma

Asiyekubali kushindwa si mshindani, kwa hivyo nakubali mapema nisisumbuliwe: Nthambi alinishinda. Alinishinda mchana kweupe, mbele ya watu, katika kazi niliyoifanya miaka kumi na miwili. Mkitaka kucheka chekeni sasa, mnyamaze nisimulie.

Mimi ni Odera, wa yadi ya vyuma chakavu ya Mzee Musau, hapa nyuma ya mtaa wa Jericho. Kazi yangu ilikuwa kuchoma kebo. Nasema zile nene za viwandani, zinazofukiwa ardhini: juu plastiki nyeusi, chini yake koti la nyaya za chuma zilizosokotwa kuizunguka, na ndani kabisa shaba, mali yenyewe. Wengine walikuna vichwa wataifikiaje. Mimi? Tairi kuukuu, kiberiti, basi. Moshi ukipanda, hata watu wa mtaa wa Tena walijua Odera yuko kazini.

Nthambi alikuwa akichambua chupa nje ya geti. Miaka mitatu, jua lake, mvua yake, miguu mitupu, na kila mwezi alimwomba Mzee nafasi ndani, chini ya mabati. Marehemu baba yake alikuwa mchonga vinyago, naye alikulia miguuni pake akishika kisu. Nilikuwa nikimtania kwa jina la mwanawe, "Mama Ndeti, hapa hatuchongi twiga!" Kisha nagonga buti zangu chini, nacheka. Ndani ya buti zile nilijiona meneja.

Jumatatu moja chifu akatutembelea. Akina mama wa estate walikuwa wamechoka kuanua nguo zilizojaa masizi, na walikuwa wamempelekea malalamiko. Moto ukapigwa marufuku siku hiyohiyo. Sasa, lori la mnunuzi lilikuwa linakuja Alhamisi saa kumi, na rundo la kebo lilikuwa limelala pale kama chatu aliyeshiba. Mzee Musau akashika kiuno.

"Mzee," sauti ikatoka getini, "nigawie nusu. Nikishindwa, hata zile chupa nitaziacha niende zangu. Nikiweza, naingia chini ya mabati."

Yawa! Nilicheka mpaka nikakohoa. Lakini moyoni nilimwogopea, maana alikuwa na watoto wawili shuleni na hakuwa na pa kwenda. Mzee akamwangalia, akasema sawa. Nusu nyingine ikawa yangu.

Jumanne nikaanza kwa nguvu. Nikapasua plastiki, nikabana waya mmoja wa chuma kwa koleo, nikavuta. Ukatoka kidogo, ukaruka, ukanipasua mdomo. Nikavuta wa pili, na kebo moja ina zaidi ya arobaini. Kufikia saa saba nilikuwa nimevua urefu wa mkono wangu. Nikaitukana kebo, nikamtukana chifu, nikamtukana na aliyeleta stima duniani.

Nthambi hakuwa amekata hata kipande. Alichuchumaa tu akiitazama ncha ya kebo, akiigeuza huku na huku. Nikamuuliza kama anaisomea Biblia.

"Baba Jacklyne," akanijibu bila haraka, "hizi nyaya zina njia yake, kama mti. Wewe unazivuta tu bila kufuata zilivyosokotwa, ndiyo maana zinakupiga."

Aibu iliyoje! Miaka kumi na miwili, na sikuwa nimewahi kuangalia zinaelekea wapi. Moto hauulizi mambo hayo.

Akakata kebo vipande vya hatua mbili mbili. Akachana plastiki kwa kisu cha babake, akaketi chini, akakibana kipande kwa nyayo kama wachongaji wanavyobana gogo. Mikono ikashika nyaya tano sita kwa pamoja, ikatulia. Kazi ilifanywa na miguu: iliviringisha kebo polepole kuelekea upande wa kuzisokotoa nyaya, nazo zikajifungua zenyewe, bila vita. "Baba alinifunza kugeuza mti, si kisu," akasema, na tayari alikuwa ameshika kipande kingine.

Jumatano hakusimama ila wakati wa kula. Alhamisi, saa nane, nusu yake ilikuwa imekwisha, akaanza kula nusu yangu, nami nikajifanya sioni. Lori lilipofika, shaba ilikuwa rundo jekundu linalong'aa, haina doa la masizi. Mnunuzi akaokota kipande, akakisugua kwa kidole, akauliza ni nani fundi. Mzee Musau akamnyooshea Nthambi kidole. Rispa, aliyeongoza wale akina mama kwa chifu, alikuwa amekuja kuchungulia kama kuna moshi. Akapiga kigelegele, na wenzake wakakipokea mpaka barabarani. Nthambi akasimama, akajifuta uso kwa leso, akacheka kwa sauti. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

"Odera," Mzee akasema, "sogeza vitu vyako. Mama Ndeti anakaa hapo karibu na mizani."

Kona yangu! Iliniuma, nisiwadanganye. Nikaokota koleo langu, nikaanza kwenda getini kwenye chupa.

"Baba Jacklyne, unakwenda wapi? Kebo bado ni nyingi, na mimi nina miguu miwili tu."

Nikageuka. Alikuwa ameshaketi chini ya mabati, na pembeni yake ameacha nafasi ya mtu mmoja.

"Njoo," akasema. "Lakini vua buti."

Nikavua.