Sentensi Niliyokataa Kusoma Mazishini

Leo nimenyang'anywa maikrofoni kwenye mazishi ya chifu wetu.

Huku kwetu kwenye majani chai, ukishamaliza chuo, kila msiba wewe ndiwe msomaji wa wasifu. Nikasoma vizuri mpaka hapa: "Alitetea wajane."

Gogo, nyanya yangu, alikuwa ameketi mbele yangu. Alipofiwa na mume, chifu huyu huyu ndiye aliyempokonya shamba la chai akampa kaka wa huyo mume.

"Hii siisomi," nikasema.

"Wewe msichana, heshimu marehemu!" MC akafoka, akaisoma mwenyewe.

"Wajane gani?" Gogo akauliza kwa sauti. "Wataje."

MC akageuza karatasi.

Mnaonitumia meseji niombe msamaha, andikeni hapa chini jina la mjane mmoja tu. Nikiliona, nitaomba.