Bega Langu na Koti la Mkwe

Nikisema niliaibika mtafikiri niliteleza kwenye matope nikienda kanisani, hapana, hiyo ni aibu ya watoto, mimi Nyaboke, mchuma chai wa Gesima ambaye majani yake hayajawahi kukataliwa na karani yeyote, nilisimama katikati ya uwanja wa shule kule Masimba blauzi ikiwa wazi mbele ya mkwe wangu, na hakuna aliyenisukuma. Chekeni kabisa, mkimaliza nitaendelea.

Mjukuu wangu Kwamboka, mtoto wa binti yangu wa tatu, ni mpiga upinde wa shule. Kocha wao ni kijana mmoja mwembamba anaitwa Odhiambo, ametoka upande wa ziwani, na kutwa kucha anapiga kelele, "Shusha bega! Shusha bega!" kama kasuku. Likizo Kwamboka akaja kwangu na upinde, nikamwona anavuta mabega yakiwa chini kama mtu aliyenyimwa chakula. Nikamuuliza huo ni ugonjwa gani.

"Magokoro," akasema (ndivyo wanavyoniita, maana yake nyanya), "kocha anasema bega likae chini, nguvu itoke mgongoni."

"Mgongoni! Mtu wa samaki atakuambia nini juu ya upinde? Baba yangu alikuwa na upinde. Pandisha hilo bega lifike sikioni, kaza mkono, vuta!"

Mtoto akatii, kwa sababu kwangu asiyetii hali. Wiki tatu nzima nilikuwa nasimama nyuma yake na mwiko, bega likishuka nalisukuma juu, na nilipoona ameanza kuvaa sweta la mikono mirefu hata jua likiwaka sikuuliza kitu, nilifikiri ni mitindo ya wasichana wa siku hizi.

Sasa ikafika siku ya kuchagua timu ya kaunti. Watoto kumi na wawili, wanaotakiwa wanne. Kwamboka yuko kidato cha nne, kwa hiyo asipoingia mwaka huu ndiyo basi, na alikuwa hajalala vizuri tangu Jumapili. Wazazi tukaalikwa, nami nikaja na wenzangu wachache wa kanisa. Nikavaa sare yangu ya kina mama wa kanisa, ile blauzi nyeupe, na vifungo nilikuwa nimebadilisha mwenyewe nikaweka vikubwa vya kung'aa (wenzangu wana vile vidogo kama mbegu za nyanya, siwezi). Mkwe wangu, baba Kwamboka, muuza masufuria, mwanamume wa kujaza mlango, alikaa benchi la mwisho kabisa upande ule mwingine. Kwetu ndivyo inavyotakiwa, mama mkwe na mkwe hawapeani mkono, hawaketi karibu, akija njia hii wewe unaingia kwenye majani chai. Mimi hata sikuona hasara, sijawahi kumwona kama mtu wa maana.

Kila mtoto alikuwa na mishale sita. Mitatu ya kwanza ya Kwamboka, mmoja ukagusa ukingo wa shabaha na miwili ikaenda kulala kwenye nyasi. Kocha akashika kichwa.

"Kwamboka, hilo bega limekuwaje? Ulienda likizo ukiwa mzuri! Kama husikii maneno nitakutoa sasa hivi."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekunywa soda yake akanyamaza. Mimi nikasimama.

"Wewe kijana, shida si bega la mtoto, shida ni wewe! Nitakuonyesha watu wanavyovuta."

"Mama, tafadhali, huo upinde si mchezo. Angalau uvae kinga ya mkono..."

"Kinga ni ya waoga!" Nikaupokonya kutoka kwa Kwamboka, huku mtoto akininong'oneza, "Magokoro, wacha, nakuomba," nami nikamwambia aangalie ajifunze.

Nikaweka mshale, nikapandisha bega mpaka sikioni. Nikavuta. Jamani, ile kamba ni ngumu, mkono ukaanza kutetemeka kama wa mlevi anayetafuta ufunguo, nikavuta tena kwa hasira, kamba ikaja mpaka kifuani, ikaingia nyuma ya kile kifungo changu kikubwa cha pili, na vidole vikachoka. Kamba ikaondoka na vifungo vyote, nikavisikia vikiruka tap tap tap, halafu ikanichapa mkono wa kushoto nikapiga yowe lililofika barabarani. Mshale ukaanguka karibu na kiatu changu, haukwenda hata hatua moja. Na kifua changu kikabaki na sidiria ile ya zamani niliyoifunga kwa pini.

Mkwe akasikia yowe, akaja mbio kuniokoa, akafika karibu, akaona. Akageuka ghafla kama aliyekutana na chui, akavua koti, akaanza kunirudia kinyumenyume, na koti akalirusha kupitia juu ya bega lake bila kutazama. Likamwangukia kocha kichwani. Kina mama wa kanisa langu walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti.

Kocha akajitoa kwenye koti, akanivika, akashika mkono wangu uliokuwa umevimba mstari mwekundu chini ya kiwiko. Hakucheka. Akamwita Kwamboka, akapandisha mkono wa lile sweta, na hapo mahali pale pale kulikuwa na alama kama yangu, nyingine mpya, nyingine zimeshakuwa nyeusi.

"Nani alimfundisha hivi?"

Kwamboka akatazama chini. Angesema hajui, yeye angetolewa, mimi ningerudi Gesima na jina langu safi. Aliyafunga macho kabisa, yule mtoto.

"Ni mimi," nikasema. "Yeye alikuwa anakusikia. Mimi ndiye nilimharibu, na huyo baba yangu wa upinde nilimwona akiutumia kufukuzia nyani tu, na nyani waliendelea kula mahindi."

Kocha akamrudishia Kwamboka upinde. "Amebakisha mishale mitatu," akasema. "Apige. Lakini bega, mama, bega!"

Mtoto akasimama mbele ya shabaha, mabega juu. Ndipo nikaona upumbavu wangu wote, kwa sababu miaka arobaini nimewafokea wachumaji wapya, shusha mabega, kikapu kibebwe na mgongo, la sivyo jioni shingo haitageuka. Nikamwambia, "Kwamboka, kikapu kimejaa. Kibebe."

Mabega yakashuka. Kiwiko kikarudi nyuma polepole, mgongo ukakaza katikati, kamba ikagusa kidevu. Mitatu yote ikaingia kwenye njano, katikati kabisa ya shabaha. Alichaguliwa wa nne, wa mwisho.

Koti nililifua, nikalipiga pasi, nikalirudisha kwa mkono wa Kwamboka kama inavyotakiwa, pamoja na jogoo. Sasa hivi kwenye kituo cha kupima chai wananiita "Kocha," washenzi wale. Waniite. Upinde sitaugusa tena mpaka nizikwe, na vifungo vyangu vipya ni vidogo kama mbegu za nyanya, nimevishona kwa uzi wa gunia.